Mugure wa Mashine

Mtu wa kwanza kumpigia Mugure simu kwa sababu ya mtandao alikuwa mchungaji. Alitaka kujua ibada ya Jumapili inaanza saa ngapi. Wa pili aliuliza kama ukumbi unakodishwa kwa harusi. Wa tatu, mama mmoja wa Kaptembwo, alianza kuomba palepale kwenye simu, na Mugure, ambaye hakulelewa kumkatiza mtu akiomba, alisubiri mpaka amina ndipo akamweleza kwamba yeye si kanisa. Yeye ni fundi wa mashine za kufuma sweta.

Kosa lilikuwa lake, ingawa hakuliona hivyo. Kibanda chake cha Rhonda, mtaa wa Nakuru, kilikuwa na kibao kilichoandikwa Ebenezer Enterprises, basi. Hapa kwetu mtu akifungua biashara humshukuru Mungu kwanza, habari ya anachouza itajulikana baadaye. Pita barabara ile uone: kuna Bethsaida, kuna Jehova Jire, na usipochungulia ndani hutajua kama wanauza kuku au wanashona viatu.

Lakini Mugure alikuwa na sababu nyingine pia. Kwa miaka kumi na sita alikuwa na karakana Kuresoi, na kibao cha huko kiliandikwa Mugure wa Mashine kwa rangi nyekundu. Wafumaji wa sweta za shule toka Olenguruone mpaka Molo walimjua. Halafu ikaja Januari ya 2008 na vurugu za uchaguzi, watu wakaanza kusoma kabila kwenye majina ya wenzao kabla ya kuwasalimu, na kibao kile kilikuwa kinasomeka toka mbali. Alitoka na nguo alizovaa na mfuko wa vifaa. Karakana iliteketea. Alipoanza upya Nakuru aliapa kwamba hakuna ukuta utakaobeba jina lake tena.

Sasa ilikuwa Oktoba ya mwaka huohuo, na kwa fundi wa kazi hii Oktoba ni kufa au kupona. Wafumaji hutengenezesha mashine zao wakati huo ili Januari shule zikifunguliwa sweta ziwe tayari. Kazi ya miezi hiyo ndiyo humlisha fundi mwaka mzima, na Mugure alikuwa na wateja wawili. Ndugu yake Jamleck, mkulima wa Njoro, alikuwa amemwambia kwamba Disemba ikifika mambo yakiwa hivi afunge, aende akae kwake, amsaidie mkewe kazi za ng'ombe. Alilisema kwa upendo. Mugure alimshukuru, na moyoni akasema afadhali ale mawe.

Ndiyo maana alikwenda kwa Tanveer. Tanveer alikuwa na saiba mjini, duka la vitabu la baba yake lililokatwa katikati likawekwa kompyuta sita, na alikuwa akiwaandikisha wenye biashara kwenye orodha ya mtandaoni ili mtu akitafuta kitu Nakuru akipate. Mugure alijaza fomu yake kama anavyojaza fomu zote. Jina la biashara: Ebenezer Enterprises. Kazi: biashara. Anwani: sanduku la posta la Jamleck, Njoro. Simu: namba yake. Baada ya yule mama wa maombi, alirudi kulalamika.

"Boss, umeniandika kanisa."

"Mimi sijakuandika kanisa, mathe. Ni wewe umejiandika." Tanveer akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Angalia. Mtu ako Naivasha anatafuta fundi wa mashine ya sweta. Hapa ataandika nini? Ataandika Ebenezer?"

"Hapana."

"Na hii address. Mteja akuje Njoro asimame kwa posta akungojee?"

"Hiyo sanduku ni ya ndugu yangu. Barua huwa anapata."

"Barua sawa. Mashine haiwezi ingia kwa sanduku."

Mugure alicheka, jambo ambalo hakulifanya sana mwaka huo. Wakaanza upya. Waliandika fundi wa mashine za kufuma sweta, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwa maana Tanveer alisema watu wa kompyuta hutafuta kwa Kizungu hata kama shida yao ni ya Kuresoi. Waliandika Rhonda, nyuma ya kinu cha posho cha Kinyanjui, mlango wa bluu. Waliacha namba ya simu ileile.

"Na jina?" Tanveer akauliza. "Kabla ya hii Ebenezer, wateja walikuwa wanakuita aje?"

"Mugure wa Mashine. Lakini hiyo usiandike."

Tanveer hakuuliza kwa nini. Nakuru mwaka huo hakuna aliyeuliza. Alipangusa vumbi kwenye kibodi kwa kidole, kisha akasema, "Hata sisi January tulifunga wiki tatu. Kibao tukatoa. Lakini hii uso ya Kihindi utaitoa, uipeleke wapi? Siwezi kukuambia uandike, mathe. Ninakuambia tu, kama kuna mtu anakutafuta, anakutafuta na hiyo jina."

Mugure aliogopa, na tena alikasirika, na kwa muda hakujua lipi limezidi. Mikono yake ilijua sindano mia mbili za mashine moja, kila moja na ugonjwa wake, na kwa miezi kumi mikono hiyo haikuwa na mwenyewe.

"Nimechoka kuitwa Ebenezer," akasema. "Sogea." Akaliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.

Wiki iliyofuata alifanya kazi akiutazama mlango. Mtu akisimama nje hata kwa kujifunga kamba ya kiatu, Mugure alishika bisibisi. Waliokuja walikuwa mtawa mmoja toka karibu na Njoro, akiwa na mashine mbili ndani ya pikapu, na mwalimu wa Gilgil. Kazi nzuri, ila haikutosha kumzuia Jamleck.

Siku ya Ijumaa simu ililia, namba asiyoijua. Alitambua lafudhi ya Kuresoi, ya kabila la waliomfukuza, kabla ya neno la pili kwisha.

"Huyo ni Mugure?"

Angeweza kusema umekosea namba. Neno lilikuwa tayari ulimini. "Ni Mugure," akasema.

"Yule wa Mashine? Wa hapa kwetu?"

"Ndiye. Wewe ni nani?"

"Ni Jepkorir, Mama Sally. Ulikuwa unanitengenezea mashine kila mwaka. Sally ako chuo hapo Njoro. Nilimwambia akutafute kwa internet, na jana ndio amekupata. Mwezi wa tisa alikuwa ameweka jina yako, akakosa. Tukasema basi."

"Mkasema basi nini?"

"Tukasema walikumaliza."

Mugure alikaa chini palepale, katikati ya sindano, akalia bila kujificha. Jepkorir alimwacha alie. Kisha, kama mtu mwenye adabu anayejua kilio kinahitaji mahali pa kwenda, akamwambia kwamba mashine yake inatupa mishono tangu Machi na huko hakuna anayeijua.

"Inatupa upande gani?" Mugure akauliza, akijipangusa pua.

"Mkono wa kulia."

"Hiyo ni sponji ya kushikilia sindano imezeeka. Ni kazi ya asubuhi moja. Ilete."

Jepkorir akashusha sauti. "Niilete huko Rhonda, katikati ya watu wa kabila yako? Mtu kama mimi, nikifungua mdomo huko stage, hawatajua nimetoka wapi?"

Mugure hakuwa amewaza hilo hata mara moja. Kwa miezi kumi alikuwa amehesabu watakaolisoma jina lake, asifikirie kwamba upande wa pili kuna mama anayeogopa kusalimia watu.

"Kuja Jumanne," akasema. "Usiulize mtu njia. Nitakuwa stage mimi mwenyewe, na tutatembea pamoja mpaka kwa mlango."

Jumanne saa mbili asubuhi alifunga kibanda, akaenda stendi, akasimama mahali ambapo kila mtu angemwona.