Binamu alinipiga teke la mdomo nyuma ya boti, na bado sikumwachia: zimeni mashine

Habari zenu wakuu. Nimekuwa nikisoma humu nyuzi za watu wanaokwenda kucheza na boti baharini, wengine wanapanda huku mashine inanguruma. Leo nimeshindwa kunyamaza. Haya yalinikuta mwenyewe na sitii chumvi.

Mimi ni Mndengereko wa deltani Rufiji, mbele kidogo ya Nyamisati. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa kambamiti walianza kutujia kutoka Dar na boti za faiba zenye mashine nyuma. Kabla ya hapo tulijua mitumbwi na makasia tu.

Kila Idd pili vijana tulishindana kuogelea kuvuka mto maji yakijaa. (Mtakaouliza mamba: pale maji ni ya chumvi na kijiji kizima kinapiga kelele, hawakutusumbua.)

Mpinzani wangu alikuwa Shabani, mtoto wa mjomba. Tunakula sahani moja, lakini tukiingia majini hatujuani.

Mwaka huo mnunuzi mmoja akatoa boti isindikize waogeleaji, atakayechoka apakiwe. Tulifurahi sana. Dereva wake tulimwita Fundi Seidi, kijana wa mjini, mcheshi kweli. Ila mashine yake ilikuwa ngumu kuwaka, anavuta kamba mpaka jasho linamtoka. Kwa hiyo akishaiwasha, haizimi.

Sasa elewa kitu kimoja. Mtumbwi ukiupandia ubavuni unapinduka. Sisi tumefundishwa tangu wadogo, ukiwa majini zunguka nyuma, kwenye tezi, ndio upande. Mwili unafanya wenyewe bila kufikiri. Na boti ya mashine, huko nyuma ndiko liliko pangaboi, yale mapanga yanayozunguka majini kuisukuma.

Katikati ya mto Shabani, aliyekuwa mbele yangu, akakazwa na msuli wa mguu. Akanyoosha mkono. Fundi Seidi akasogea, akaweka gia huru, akaenda mbele ya boti ili amvute kwa huko.

Shabani akazunguka nyuma, akashika tezi.

Nikaona maji yanachemka pale kwenye mashine. Gia huru, lakini pangaboi bado linazunguka taratibu. Nikapiga kelele, "Shabani, usiende huko!" Hasikii. Nikapiga mbizi, nikamkamata mguu uliokaza, nikavuta.

Wakuu, yule bwana akadhani namhujumu nishinde! Akanipiga teke la mdomo na mguu mzima, jino likalegea.

"Niachie, mshenzi we!"

Sikumwachia. Niliapa moyoni, aning'oe meno yote, lakini hapandi pale. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Akanigeukia anitie ngumi. Nikamkumbatia kiuno, nikazidi kumvuta. Fundi Seidi kusikia zogo akakimbilia nyuma, akajikwaa, akaangukia gia. Boti ikaturudia kinyumenyume.

Pangaboi likamchana Shabani kisigino. Maji yakawa mekundu. Angekuwa bado ameshika tezi, lingekuwa tumbo.

Tulimkimbiza hospitali Kibiti, akashonwa, Alhamdulillah.

Wazee wakasema mbio za kuogelea sasa basi. Mimi nikakataa. Nikasimama mbele yao: "Shikamooni wazee wangu. Mbio hazina kosa. Kosa ni mashine kuwaka mtu yumo majini."

Fundi Seidi akadakia, "Kaka, hii nikizima haiwaki tena!"

"Basi tutakupigia kasia mpaka Dar."

Watu wakacheka. Mimi sikuwa natania, na nilirudi kwa wazee wale mpaka wakanichoka, wakakubali. Siku ya mbio, boti ije kwa mashine, lakini isindikize kwa makasia. Mashine ikizimwa, dereva anainua mikono yote miwili tuione, ndipo mtu asogee. Na kupanda ni ubavuni. Faiba ni pana, haipinduki kama mtumbwi.

Idd iliyofuata tuko majini, maji ya kiuno. Filimbi ikalia. Hakuna aliyeondoka, maana mashine ilikuwa bado inanguruma. Fundi Seidi anatuangalia, na sisi tunamwangalia. Filimbi ikalia tena. Tumesimama tu.

Mwisho akazima. Akainua mikono.

Shabani akacheka kwa sauti, akajitosa wa kwanza. Alinishinda siku ile, na nililia kwa furaha nikiwa majini ambako hakuna wa kuniona.

Kwa hiyo nyie mnaocheza na boti: gia huru siyo kuzima. Subiri pangaboi lisimame kabisa. Na usikatize mbele ya boti inayokimbia, pua yake inanyanyuka na dereva hakioni kichwa chako.

Wenye uzoefu na boti, uwanja ni wenu, semeni yaliyowakuta. Ila anayetaka kunibishia kwamba gia huru inatosha, aje kwanza Kibiti nimkutanishe na Shabani, nimwambie avue kiatu.