Kamba Sita za Mgomba

Nimechoka, lakini bora mlisikie kwangu, maana Muleba nzima inalijua tayari. Mimi ndiye ninayefundisha semina za utunzaji wa nyaraka pale Bukoba, na kila semina naianza kwa onyo lilelile: usivuruge mpangilio wa mwenye nyaraka.

Familia moja ya Muleba iliniita nipange karatasi za marehemu baba yao. Nikakuta hati za vibanja vyake sita vya migomba, mafungu sita, kila fungu limefungwa kwa kamba ya mgomba yenye mafundo mafundo. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikataka kumaliza. Nikazifungua kamba zote, nikazipiga hati picha kwa simu, nikazipanga kwa tarehe ndani ya faili jipya. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Jioni ukoo ulikaa kugawana urithi. Nikamkabidhi mjane faili kwa mikono miwili. Macho yake hayaoni vizuri, akalipapasa, akalipapasa tena.

“Waitu,” akaniita kwa heshima ya Kihaya, “kamba ziko wapi?”

“Nimeziondoa, mama. Sasa ni safi.”

“Mzee hakuandika wosia, mwanangu. Alifunga. Fundo moja, kibanja cha mtoto wa kwanza. Mawili, cha wa pili. Hivyo hivyo mpaka sita.”

Watoto wote sita wakanitazama. Kisha mmoja akageukia pikipiki yangu pale uani. Mkungu wa ndizi niliozawadiwa mchana ulikuwa umefungwa juu yake, barabara kabisa, kwa kamba zote sita.