Maharagwe Yaliyomfumbisha Pasta Macho

Nilikuwa nimeolewa juzi tu pale Kibabii, nikipikia wageni wa kanisa, na maharagwe yangu yalikuwa maji matupu. Nikamflash dada yangu wa Kitale, akanipigia: "Si utie unga kidogo, bana!"

Nyuma ya mtungi wa mama mkwe nikapata mkebe wa unga wa kahawia. Nikadhani ni wimbi, nikatia vijiko vitano. Mchuzi ukawa mzito, nami nikajiona mpishi wa hoteli.

Pasta akaonja, akafumba macho, akatabasamu. "Ala, kimera!" akasema. "Hii si ndiyo ya kupika pombe ya busaa?"

Sebule nzima ikanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe, mwenye mkebe, akamtazama bila kupepesa.

"Kwani Pasta, wewe uliijulia wapi?"