Kabla hujanunua NAS: radi ya Kisii na sanduku langu la stoo, mwaka wa 97

Wakuu, salamu zenu kutoka huku milimani.

Nimepitia nyuzi za jukwaa hili wiki hii, naona watu wanabishana wanunue NAS, sanduku la kuhifadhia file za mashine zote, ya diski mbili au nne, RAID ipi, router ipi. Kuna jambo nimelibeba tangu enzi za Windows 95 na leo nalitua hapa. Sitatia chumvi. Penye kosa langu nitasema ni langu, na wanaonijua wanajua hilo si mazoea yangu.

Basi ilikuwa hivi.

Mwaka wa 97 nilikuwa fundi wa kompyuta Kisii mjini. Mafundi tulikuwa wa kuhesabika, na mimi nilijihesabu wa kwanza. Nilitembea na bisibisi mfukoni hata kanisani.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mzee Kanti, Mhindi aliyeuza vitabu na karatasi. Duka lilikuwa chini, yeye na familia yake wakiishi juu. Alikuwa na kompyuta tatu: moja dukani, moja ya binti yake ghorofani, na ya tatu kwenye chumba cha kupiga chapa nyuma ya duka.

Chumba hicho kilikuwa cha Kwamboka, dada kutoka kilima cha Manga, Msabato wa kweli. Vidole vyake vilikimbia kuliko mdomo wangu, na hilo si jambo dogo.

Kazi yake kubwa mwaka ule ilikuwa ya Mwalimu Omwenga, mstaafu kutoka Nyamache. Macho yake yalikuwa yanazimika, kuandika hawezi tena. Kila Jumanne alikuja akaketi karibu na Kwamboka, akasimulia kwa Kigusii: jina la kila kilima na kila kijito cha kwao, nani alifika kwanza, nani alizikwa wapi. Yeye anasema, Kwamboka anapiga chapa.

Wazee waliomwambia habari hizo walikuwa wamekufa wote. Daftari hakuna. Kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta, na alitaka wajukuu wake wakipate kabla naye hajasahau.

Printa ilikuwa dukani, kwa hiyo Kwamboka alibeba disketi huku na huku. Siku moja disketi ikakataa kusoma, kurasa sita zikapotea. Mwalimu alizisimulia upya, lakini alikiri mwenyewe kwamba hazikutoka kama mara ya kwanza.

Mzee Kanti akaniita. "Fundi, hii mambo ya disketi iishe. Nataka kitu moja tu, kila mtu anapata kazi yake hapo."

Shemeji yake wa Nairobi alikuwa amemshauri anunue tape drive, mtambo wa kuhifadhi file kwenye kanda. Nikapinga. Tape ni nzuri kwa kuhifadhi, lakini ukitaka ukurasa mmoja unangoja mpaka chai inapoa, na haiwapi watu watatu file moja kwa wakati mmoja. Mimi nikachukua kompyuta kuukuu ya 486, nikaitia hard disk mbili, nikaiweka kwenye stoo chini ya ngazi, nikavuta waya wa network kuunganisha mashine zote. Kila Ijumaa saa mbili usiku diski ya kwanza ilijinakili yenyewe kwenye ya pili.

Leo mngeiita NAS. Sisi tuliita sanduku la stoo.

Na ilifanya kazi, wakuu. Binti anafungua file ghorofani, baba yake anaichapisha dukani, hakuna anayepanda ngazi. Hata leo ningeifunga vilevile, isipokuwa kitu kimoja, na tunakifikia.

Niliweka sheria: hakuna kuhifadhi kitu kwenye mashine yako, vyote viende stoo, tusije tukawa na nakala tatu na hakuna anayejua ipi ndiyo mpya. Sheria nzuri. Nikahamishia file zao stoo, kisha nikazifuta diski zao kwa mkono wangu.

Sasa, kwa Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalio. Chakula kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, kuni zinaingizwa ndani, ili jua likizama mtu asiwe na kazi inayomwita. Kwamboka aliiandaa kompyuta yake vivyo hivyo. Ikifika saa tisa na nusu anazima, anachomoa stima, anachomoa na waya wa network.

Waya ule wa zamani ulipita mashine moja hadi nyingine, kwa hiyo ukiukata mahali pamoja wote mnakosa. Ijumaa ya kwanza binti wa Kanti alilalamika, nikaja nimefura.

"Kwamboka, mbona umekatia watu network?"

"Sabato inaingia, Fundi. Mashine yangu haiwezi kuwa kazini na mimi niko kanisani. Hata punda kwa Biblia imeambiwa ipumzike."

Nikamwonyesha jinsi ya kuitoa mashine yake peke yake, waya wenyewe ubaki mzima kwa wengine. Akashukuru, na kila Ijumaa akafanya hivyo. Kila nikimkuta nikamwuliza kama punda wake amelala. Yeye aliendelea kupiga chapa.

Mnaoijua Kisii mnajua radi kwetu si habari. Ila ile ya Jumamosi moja alasiri ilikuwa na jina la mtu. Ilipiga karibu na jengo, balbu zikapasuka, na Mzee Kanti akatuma mtu aje kunichukua.

Nilisikia harufu kabla sijafungua stoo. Umeme ulikuwa umepita kwenye waya wangu safi na kutembelea kila mashine iliyoshikwa nao. Ya duka imekufa, ya binti imekufa. Nikazibeba diski mbili za sanduku hadi kwa fundi mwenzangu, tukazijaribu moja moja. Hazikutoa hata sauti.

Diski mbili, sanduku moja, waya mmoja. Ndiyo backup niliyojivunia.

Mashine ya Kwamboka sikuigusa. Nilijua haijaungua kwa sababu ilikuwa imechomolewa, lakini nilijua pia ni tupu. Si niliifuta mwenyewe?

Sikulala vizuri. Nilimwona Mwalimu akija Jumanne na mkongojo wake, na mimi sina la kumwambia.

Jumapili nikaenda Manga, nikapanda kilima kwa miguu, nikamkuta Kwamboka akichuma majani chai na kikapu mgongoni.

"Sanduku limeungua," nikamwambia. "Diski zote mbili. Kazi ya Mwalimu imeenda."

Aliendelea kuchuma mpaka mkono ukajaa, akatupa kikapuni.

"Na yangu umewasha?"

"Niwashe nini na ni tupu?"

"Si tupu. Kila Ijumaa natoa ya Mwalimu huko stoo, naweka kwangu, ndio nazima."

"Nilikwambia usiweke kitu kwa hiyo mashine."

"Uliniambia. Lakini siwezi enda Sabato nikiacha kazi ya mzee ndani ya stoo yenye sina ufunguo."

Niliketi pale pale kati ya michai. Nilifurahi, na aibu ikanishika hapo hapo.

Jumatatu tukaiwasha. Kulikuwa na folda moja tu, ameiita Maandalio, na ndani kurasa zote za Mwalimu, hadi neno la mwisho la Jumanne iliyopita.

Jumanne Mwalimu akafika mapema. "Nimesikia sokoni radi ilipiga kwa Kanti," akasema kabla hajaketi. "Niambie ukweli, vijana wangu. Kama ni kuanza upya, mimi sitaweza."

"Yote iko, Mwalimu," nikasema.

Kwamboka akamsomea aya ya mwisho. Mzee alikuwa akitikisa midomo pamoja naye, machozi yanashuka. Kisha akapapasa hewani akitafuta mkono wangu.

"Fundi, umeniokolea watu wangu. Huo mtambo wako Mungu aubariki."

Kwamboka alinitazama. Alinipa nafasi ya kutosha kabisa.

Nikasema, "Asante, Mwalimu."

Basi. Kwamboka akageukia kioo cha kompyuta na kusema, "Tuendelee, Mwalimu. Tulikuwa tumefika kwa kijito."

Wakuu, somo la kiufundi ni fupi. Nunua NAS utakayo, hata ya diski nane, lakini RAID, yaani diski kunakiliana ndani ya sanduku moja, si backup. Nakala ya pili isiwe ndani ya sanduku lile lile, isiwe kwenye waya ule ule, na ichomolewe kabisa. Hilo nalifundisha mpaka leo na halijawahi kuniangusha.

Lile lingine ni hili. Mwalimu alikamilisha kitabu chake, wajukuu wanacho, naye ameshapumzika. Ukurasa wa kwanza una shukrani kwa fundi aliyeyalinda maneno yake dhidi ya radi, jina langu kamili.

Alizisimulia shukrani hizo kwa mdomo, kama yote mengine. Aliyezipiga chapa, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, ni Kwamboka.

Maswali ya NAS leteni, nitajibu yote. Na mwenye la kunisema aseme, nimelitaka mwenyewe.