Pikipiki Yangu Ilikohoa, Nikamhukumu Muuza Petroli

Ndugu msomaji, nilimharibia jina mwanamke asiye na kosa, na nililiharibu kwa karatasi moja ya daftari na tone la petroli. Sikutumwa na mtu. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa na hakika, na hakika hiyo ndiyo ninayoiungama leo.

Jina langu silitaji, kwa sababu nikilitaja nitakuwa nimelitaja na la kwake, na la kwake limekwisha kutajwa vya kutosha. Nitamwita Mama Tausi, ingawa haitwi hivyo. Watu wa barabara ya Mgeta watatutambua wote wawili. Na wasome.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilifundisha sekondari huko huko Mgeta, milimani, kwa miaka mingi, kisha nikastaafu na kujenga Bigwa, chini karibu na mjini. Maisha yangu yote nimechukia maneno ya kuambiwa. Mwanafunzi aliyeanza sentensi kwa "wanasema" nilimkalisha chini, nikamtaka arudi na jambo alilolipima mwenyewe. Mama Tausi alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Alikaa dawati la mbele, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali pale nilipodhani nimemaliza somo.

Nina shamba dogo la njegere Mgeta, na kila Jumamosi hupanda huko kwa pikipiki yangu ndogo. Siku moja, kesho yake ikiwa ya safari, niliamua kusafisha kabureta kwa mkono wangu. Nilikuwa na kitabu cha pikipiki, nilikuwa na bisibisi, na nilikuwa na dharau ya siku nyingi kwa mafundi wanaobahatisha badala ya kupima. Nilifungua, nikasafisha, nikarudisha kila kitu mahali pake. Skurubu nilizikaza kwa nguvu zangu zote, maana sipendi kitu kilicholegea.

Asubuhi nikapanda bila tatizo. Mlima ule ni mkali. Unaupanda ukiwa umevuta mkono wa mafuta karibu hadi mwisho, na injini ilinguruma vizuri hadi juu. Nilipomaliza shughuli za shamba nikanunua lita mbili kwa Mama Tausi. Yeye aliuza petroli ya chupa kwenye baraza ya duka moja, pale kona wanaposimama vijana wa bodaboda, na ndiyo kazi iliyomlisha kwa miaka kadhaa bila kumtegemea mtu.

Niliposhuka na kuachia mkono wa mafuta kwenye mteremko wa kwanza, ikaanza.

Bomba la moshi lilikohoa na kupiga mabomu madogo madogo. Nikisimama, resi zilipanda zenyewe, zikashuka hadi injini karibu izimike, kisha zikapanda tena, nami mkono wangu haujagusa kitu. Chini ya kelele hizo kulikuwa na mlio mwingine, mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kupitia meno. Mlio huo wa tatu ndio uliokuwa unanieleza ukweli, na ndio nilioupuuza.

Nilijiuliza swali ambalo ningemfundisha mwanafunzi yeyote kujiuliza: tangu asubuhi kimebadilika nini? Nikajibu: mafuta. Kabureta niliyoifungua jana yake sikuihesabu, kwa kuwa niliifunga mimi.

Wiki ile sikutulia. Niliiwasha pikipiki uani, nikaisikiliza, nikaizima, nikaizunguka, nikaiwasha tena. Mke wangu alitoka jikoni mara ya nne au ya tano akasimama mlangoni.

"Baba, hiyo pikipiki ni mgonjwa au ni mtuhumiwa?"

"Naichunguza."

"Basi ichunguze kimya kimya. Kuku wamehamia kwa jirani."

Nilimwaga mafuta yote, nikajaza ya kituo cha mjini. Resi zikaendelea kupanda na kushuka vile vile. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilijiambia kuwa ni mabaki ya yale mafuta ya mlimani. Mwanafunzi angeniletea jibu kama hilo ningemrudishia daftari lake bila alama.

Nilikuwa nimehifadhi kiasi cha petroli ya Mama Tausi kwenye chupa, kama ushahidi. Nikachana karatasi ya daftari, nikadondoshea tone, nikasubiri likauke. Petroli safi, kwa nilivyokumbuka, haibakizi kitu. Hii ilibakiza pete hafifu ya rangi ya chai. Nikaandika tarehe kwenye karatasi, nikaitia saini, nikaikunja mfukoni.

Jumamosi nikapanda nayo.

Vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, na Mama Tausi alikuwa anapangusa chupa. Wote wakaniamkia, nikaitikia. Kisha nikamnyooshea ile karatasi mbele yao.

"Unaona nini hapa?"

"Naona karatasi, Mwalimu."

"Ni petroli yako. Ingekuwa safi ingekauka yote. Hii imeacha alama. Unachanganya na mafuta ya taa."

Vijana wakashuka kwenye pikipiki. Mmoja wao, wanayemwita Chuma, akaja karibu kabisa.

"Ebwana! Ndiyo maana yangu inakata moto kule juu."

"Yako inakata moto kwa sababu hujabadilisha oili tangu uitoe dukani," Mama Tausi akamjibu, na wenzake wakamcheka Chuma.

Kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti, kwa heshima.

"Mwalimu, na ya mjini umeidondoshea karatasi?"

Nililisikia swali hilo vizuri. Lilikuwa swali sahihi, tena nililifundisha mimi: kipimo kisicho na cha kulinganisha nacho si kipimo. Lakini nilichokiona mbele yangu ni mwanafunzi wa dawati la mbele ananikatiza mbele ya watu.

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi, Mwalimu. Nauliza."

"Jibu ni hili hapa."

Chuma akaichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti. "Mwalimu kashapima," akasema. "Imeisha hiyo."

Na kweli iliisha. Jumamosi iliyofuata chupa zake zilikuwa zimejaa mezani na hakuna aliyesimama. Jumamosi nyingine tena, mwenye duka alikuwa amempa mtu mwingine ile baraza, na Mama Tausi hakuwapo. Habari nazo zilikuwa zimekua. Niliambiwa kuna injini zilizokufa kwa ajili yake. Niliambiwa anatia na maji. Kila aliyenisimulia alimalizia kwa kusema kwamba mwalimu wa fizikia mwenyewe alipima kwa mashine.

Sikuwa na mashine yoyote. Wala sikumsahihisha mtu. Mimi, niliyewakalisha chini watoto wa watu kwa neno "wanasema," nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza maneno ya kuambiwa, na kwa kuwa yalianzia kwangu niliyaona ni elimu.

Pikipiki ikazidi kuharibika, hadi ikawa inazimika kila nikisimama. Nikameza dharau zangu nikaipeleka kwa fundi mjini. Ni mtu wa makamo, si msemaji. Aliiwasha, akainamisha kichwa, akasikiliza kitambo.

"Mzee, hii kabureta ilifunguliwa?"

"Niliisafisha mimi."

Alichovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka kwenye shingo, pale kabureta inapoungana na injini. Maji yakanyonywa ndani, na resi zikatulia mara moja. Ule mlio mwembamba ukanyamaza. Yalipokauka, vyote vikarudi. Akapaka tena, vikatulia tena. Nilisimama pale nikitazama kipimo safi kabisa, kilichofanywa mara mbili na mtu ambaye nilikuwa namwita mbahatishaji.

Akafungua, akanionyesha mpira wa kuziba. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, usioonekana.

"Ulikaza mno. Injini inavuta hewa ya wizi hapa."

"Lakini ilipanda Mgeta bila shida."

"Mlimani umevuta mafuta yote, huwezi kuijua. Inajionyesha ukiachia."

"Na petroli?"

Akaniangalia. "Petroli ina nini?"

Nilirudi nyumbani na pikipiki iliyotulia kama mpya, na mimi mwenyewe sikuweza kukaa. Nilichukua karatasi tatu za daftari lile lile. Moja nikadondoshea petroli ya Mama Tausi iliyobaki, ya pili petroli ya kituo cha mjini, ya tatu ya kituo kingine. Zote tatu ziliacha pete. Alama ilikuwa ya karatasi yangu, au ya rangi iliyomo ndani ya mafuta yote. Hadi leo sijui. Najua tu kwamba pete hafifu kuliko zote ilikuwa ya Mama Tausi.

Nikapanda kwenda kuyafuta maneno yangu. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilisimama pale kona, nikazitandaza karatasi zangu, nikawaeleza vijana kwa utaratibu: mpira, hewa, kipimo cha kulinganisha. Wakanisikiliza kwa adabu kama darasani.

"Tumekuelewa, Mwalimu," Chuma akasema. "Mama amekuja kukulilia, umemhurumia."

"Hajaja. Nilikosea."

"Wewe hukosei, Mwalimu. Wewe si ndiye uliyempa kaka yangu sifuri kwa kukosea nukta?"

Wakacheka, nami nikazikunja karatasi zangu. Nilipokuwa naondoka nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, wala hakujisumbua kunong'ona: "Mzee kapewa kitu."

Nilimkuta Mama Tausi mtoni, anaosha karoti za mfanyabiashara mmoja kabla hazijapakiwa kwenye lori. Miguu ilikuwa ndani ya maji na mikono imekuwa myekundu kwa baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikosea," nikamwambia. "Mafuta yako yalikuwa safi. Ubovu ulikuwa kwenye pikipiki, na aliyeuweka ni mimi."

"Nimesikia umewaambia."

"Hawakuniamini."

"Watakuaminije? Si uliwaambia wewe mwenyewe kwamba nachanganya?"

Akaendelea kusugua karoti. Nikamuuliza nifanye nini. Nikamwambia naweza kuandika barua, naweza kwenda kwa mwenye duka, naweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji.

"Hapana, Mwalimu. Mimi nitatafuta meza, nitarudisha chupa zangu. Wewe njoo ununue. Mchana, watu wakiona. Na usiseme neno."

"Nisiseme kabisa?"

"Ukisema tu, wataanza tena kuamini mdomo wako badala ya macho yao."

Ndivyo tunavyofanya. Meza yake sasa iko chini zaidi, mbali na kona, mahali pasipo na kivuli. Bado anaosha karoti siku za katikati ya wiki. Jumamosi ananisubiri, nami nafika tangi likiwa karibu tupu, nashuka, nanunua, nasimama pale saa nzima na zaidi bila kuzungumza lolote la maana. Kwa mtu aliyeishi kwa kuzungumza, si adhabu ndogo. Ninachomlipia ni mafuta tu. Jina lake sijui linalipwaje.

Jumamosi iliyopita Chuma alitokea bondeni akiisukuma pikipiki yake. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na jasho lilikuwa limelowesha shati lote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mafuta yamekwisha?"

"Yamekwisha, Mwalimu."

Akazitazama chupa. Akanitazama mimi. Mama Tausi alikuwa ameshika mrija wa kumiminia tayari. Chuma akanipa mkono kwa adabu zote, akainama, akaendelea kuisukuma pikipiki yake kupanda mlima, kuelekea kule kona. Tulimtazama hadi alipopotea. Mama Tausi akaurudisha mrija mezani.

Wewe unayesoma, kama ni mtu ambaye watu hawamuulizi mara mbili, nakusihi ujiulize mwenyewe mara ya pili kabla hujafungua mdomo. Hakuna atakayekufanyia kazi hiyo. Na akitokea mmoja mwenye ujasiri wa kukuuliza, tena kwa sauti ya chini na kwa heshima, mjibu. Mimi sikumjibu, na kijana yule angali anasukuma.