Driciru Aliyefika Namugongo kwa Miguu

Kila mwaka kanisa letu la Koboko hutembea kwa miguu hadi Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Nyuma yetu huja gari la sufuria na magodoro. Ukichoka, panda, hakuna atakayekucheka sana. Lakini siku ya kuingia, msalaba hubebwa na mtu ambaye hakupanda gari hata kidogo, na miaka yote mtu huyo alikuwa Constantino, katekista na kiongozi wetu.

Driciru ni jirani yangu sokoni. Yeye anauza unga wa muhogo, mimi nauza samaki wakavu. Ni mjane kutoka kijiji cha Ludara, mrefu, mkaidi, mwenye mabega yaliyozoea magunia. Lakini mwezi ukifika damu ilikuwa inammwagika mpaka anaketi juu ya gunia la plastiki, uso umepauka, na mimi namsaidia kuuza unga wake. Mwaka juzi alianza safari na sisi, ikamjia njiani, tukampakia garini pale Manibe kabla hata ya kuiona Arua. Alilia katikati ya sufuria. Aibu ile ilimkaa rohoni mwaka mzima, na mimi iliniuma pia, maana najua jinsi alivyoutamani ule msalaba.

Basi mwaka jana alikwenda zahanati mapema. Sista Pasca, muuguzi wetu, alimpima presha, akamchunguza asije akawa na ugonjwa mwingine, kisha akampa vidonge vya uzazi wa mpango.

"Kunywa hii nyeupe kila siku," akamwambia. "Ikiisha, hii ya kahawia wacha. Fungua pakiti ingine, anza nyeupe tena. Hapo damu hapana kuja."

Siku za mwanzo vilimtia kichefuchefu, akavumilia. Alinieleza habari zake kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma katika nyumba aliyoishi miaka yote.

Tulipita Manibe akiwa mbele yetu, anaimba. Tukapita Arua, tukalala Pajulu. Asubuhi alipokung'uta blanketi, pakiti ikaanguka miguuni pa Kevina. Kama humjui Kevina, una bahati. Uji haujapoa, habari ilikuwa imeshamfikia Constantino.

"Mama Jude," katekista akamwambia Driciru mbele ya wote, "wewe iko mujane. Dawa ya kuzuia mimba nakunywa ya nini? Tena kwa njia ya Mashahidi! Wewe rudi Koboko."

Nilipandwa na hasira, nikafungua mdomo. Driciru hakunihitaji. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Katekista, damu yangu ilimwagika Manibe, wewe naona na macho yako. Hii dawa nasimamisha damu, basi. Mwanaume hapana iko kwa nyumba yangu, na mimi hapana tafuta. Kama Mungu nakasirika, ataniambia yeye mwenyewe kule. Mimi nakwenda na miguu."

Akajifunga kitenge, akashika barabara. Mimi nikamfuata, na wanawake wengine wakanifuata, hata Kevina. Constantino alibaki na msalaba wake na wanaume wachache, akatazama vumbi letu, mwishowe akaja.

Tulivuka daraja la Pakwach, tukapita nyani wa Karuma. Damu haikuja. Karibu na Luwero yalitoka matone machache tu, akaniambia kwa dharau, "Hii kitu gani?" akaendelea na safari.

Aliyeshindwa ni Constantino. Alikuwa amenunua viatu vipya kwa ajili ya safari, na kule Luwero nyayo zilikuwa malengelenge matupu. Hakutaka kuketi. Driciru ndiye aliyemketisha, akamvua viatu, akamwosha miguu kwa maji ya chumvi.

"Panda gari, baba," akasema. "Sufuria hapana kula mutu. Mimi najua."

Tulicheka wote, na Constantino akacheka huku macho yamemjaa machozi. Kisha akamkabidhi msalaba, yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

Driciru aliingia nao Namugongo, umelala juu ya mabega yale yale ya magunia, umati ukimpisha. Nililia waziwazi. Huyo ni jirani yangu, niliwaambia watu wasionijua, huyo ametembea kutoka Koboko!

Mwaka huu, kwenye mkutano wa kwanza wa mahujaji, Constantino alitueleza vya kubeba: blanketi, mwavuli, viatu vilivyozoea mguu. Halafu akakohoa, akaangalia dari.

"Na kina mama," akasema, "mutu iko na shida ya damu, aende kwa Sista Pasca mapema. Kama naogopa kwenda peke yake, Mama Jude atapeleka yeye."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Kevina.