Mkate Uliokandwa Bila Stima

Cheka ukitaka, lakini haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, jikoni kwangu, Mtopanga, miaka ya tisini ikianza. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini. Nitakachosema nimekiona, nimekiona. Cha kusikia kwa watu nitakiita cha kusikia.

Tuanze na mashine, maana ndiyo iliyonitoa roho kabla ya hayo mengine.

Mume wangu, Athumani, alikuwa fundi wa injini melini. Safari moja alirudi kutoka Japani na sanduku kubwa, uso umemkunjuka kama aliyeleta almasi. Ndani mlikuwa na chombo cheupe mfano wa debe. Unatia unga, maji, hamira na chumvi, unabonyeza, nacho chenyewe kinakanda, kinaumua, kinaoka. "Hutashika unga tena," akaniambia. Maandishi yote ya Kijapani, kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Tena stima ya Japani si kama yetu, kwa hiyo kilikuja na kisanduku cha kupunguza nguvu, kizito kama jiwe la kusagia. Nikamwuliza, "Sasa kitufe cha kuanzia ni kipi?"

"Utajaribu," akasema, akarudi melini. Wanaume hawa!

Ningekifungia kabatini, lakini nilikuwa na haja. Mama yake tulikuwa tukikaa naye, Bi Mwanaisha. Alikuwa amepooza upande wa kulia na kauli ikamtoka kabisa. Mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka msikitini, sasa hasemi hata neno moja. Hilo tungelizoea. Lililonitisha ni kwamba alikataa kula. Uji anautema. Boflo, mkate wa dukani, anaisukuma kwa mkono wa kushoto. Daktari aliniambia waziwazi kuwa hali hiyo ikiendelea tutamzika. Nami nilijua anachokitaka: mkate wake laini wa tui na iliki, aliokuwa akiukanda kila Ijumaa, akianza kwa Bismillahi ya kusikika nyumba nzima. Miaka yote hakuniacha niguse unga wake. "Mkono wako una moto," alikuwa akisema, "utaua hamira." Basi mkate mimi siujui, na anayeujua hawezi kunena. Ikabaki mashine.

Hapa sharti nikueleze jina langu la mle ndani. Mimi ni mtoto wa Port Reitz, baba yangu mtu wa Taveta, na Kimvita cha wenyeji sikukijua. Wiki ya kwanza ya ndoa mama mkwe aliniita, "Ndoo!" Kwao hiyo ndiyo njoo. Nikaitika "Abee!", nikachota maji, nikampelekea ndoo imejaa hadi mdomoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa Mama Ndoo, kwake yeye peke yake. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Mkate wa kwanza wa mashine ulitoka kama tofali. Jirani yangu Mama Kadzo, Mgiriama mwenye maneno, aliugonga kwa kidole akasema, "Mwenzangu, toa mingine kama huu tujenge choo." Wa pili ulikuwa umeiva nje, ndani uji. Wa tatu ulipendeza, ila kijipanga cha kukandia, kile kinachozunguka ndani ya chombo, kilikwama tumboni mwake, na Mama Kadzo nusura avunjike jino. Ukipatia vipimo, stima inapotea. Stima ikirudi, mashine inaanza upya tangu kukanda, kana kwamba haijawahi kukuona maishani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliipiga kofi.

Na huko chumbani Bi Mwanaisha alikuwa akikonda. Nikimpelekea kipande, anakinusa tu, kisha anageuza uso ukutani. Alikuwa na kikombe cha bati, akitaka kitu anakigonga kwenye chuma cha kitanda. Siku zile hata kugonga alikuwa ameacha.

Jioni ninayoisema, nilitia tui badala ya maji, nikasaga iliki, nikabonyeza. Haikupita muda, stima ikapotea mtaa mzima. Nilikasirika hadi nikaondoka jikoni nisije nikaitupa mashine uani. Nikakaa barazani nikichambua mchele kwa mwanga uliobaki. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, ikaisha. Ndipo nikasikia, kutoka jikoni:

"Mama Ndoo! Ndoo hapa!"

Ile sauti naijua. Ndiyo iliyonikaripia miaka yote ya ndoa yangu. Niamini, sikuwaza hata kidogo. Mdomo uliruka wenyewe: "Abee, mama!" Nikawasha kandili nikakimbia. Amepona! Kauli imerudi!

Chumbani mtu alikuwa akigonga kikombe. Nilisikia. Sikukitia maanani.

Jikoni alikuwa amesimama Bi Mwanaisha, kanga yake ya kisutu kiunoni, amenipa mgongo, ameinamia mashine. "Tui umelichuja kwa kitu gani? Kwa wavu wa samaki?" akasema. "Na chumvi! Mwataka kuniua?"

Utaniuliza kwa nini sikuogopa. Nilikasirika! Siku zote hizo nimehangaika, na neno la kwanza la huyu bibi ni kunikosoa? Nikamjibu, "Mama, ungenifundisha mapema ningejua."

"Mama Ndoo!"

"Abee."

Kikombe chumbani kikagongwa tena, kwa nguvu, mfululizo, kama mtu anayeomba msaada.

"Nani huyo anagonga?" nikasema.

"Mwache agonge," akasema yule, bila kugeuka. "Uniitikie vizuri, nikusikie. Mama Ndoo!"

Mwache agonge nani? Hapo ndipo akili ilipofika. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mgonjwa. Kikombe kilikuwa chumbani. Na anayekigonga ndiye Bi Mwanaisha. Basi huyu ni nani?

Halafu macho yangu yakaanza kuona yaliyokuwa wazi tangu mwanzo. Mkono wa kulia, ule uliopooza, ulikuwa ndani ya chombo, umezama mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa ametamka Bismillahi. Taa ya dari ilikuwa imezimika, na taa za majirani vilevile, lakini mashine ilikuwa inakanda. Nilisikia unga ukipigapiga kuta za chombo.

"Mama Ndoo," akaita tena, polepole, kwa upole ambao Bi Mwanaisha hakuwahi kuwa nao, si kwangu. Wallahi, upole ule ndio ulionitisha kuliko yote. Nikafumbua mdomo. Mazoea ni kitu kibaya. Ukiitwa na mkubwa, abee hutoka kabla yako. Chumbani kikombe kikavurumishwa sakafuni, kikabingirika kwa kishindo. Nikafumba mdomo.

Nilirudi kinyumenyume na kandili yangu. Yeye hakunifuata. Hakugeuka. Sikuuona uso wake, na sitakudanganya kwamba niliuona.

Bi Mwanaisha nilimkuta nusu ya mwili imeshuka kitandani, anatoka jasho, machozi yanamtiririka. Kumbe naye alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe inaniita, asiweze kunikataza. Nilipomwinua, alinyanyua mkono wa kushoto akanitia kiganja mdomoni, akanibana, hata pumzi ikawa taabu. Hakuniachia mpaka adhana ya isha.

Asubuhi mkate ulikuwa tayari. Umeinuka, umeiva rangi ya asali, unanukia hadi barabarani. Stima ilikuwa haijarudi. Niliuliza nyumba kwa nyumba, na kila mtu aliniambia alilala na kandili. Nilichimba shimo nyuma ya choo nikauzika. Mama Kadzo alinikuta na jembe.

"Jamani! Matofali yote tumeonja sisi, leo mkate umetoka unatunyima?"

"Huu si wangu," nikasema.

"Ni wa nani?"

Nikamweleza. Aliniangalia, akachukua jembe mkononi mwangu, akaongeza kina cha shimo. Hakutania tena siku hiyo.

Siku ile ile niliweka sinia la unga kando ya kitanda, nikasema Bismillahi kwa sauti, nikaanza kukanda kwa mikono yangu yenye moto. Bi Mwanaisha akaashiria apewe kikombe chake. Nikizidisha tui, anagonga. Nikichoka kabla ya wakati, anagonga. Alinigongea mpaka nikataka kulia. Kisha akanyamaza, nikajua unga uko sawa. Jioni alikula kipande, akagonga apewe cha pili. Aliishi, tukafunga naye Ramadhani nyingine, na akaondoka kwa ahadi yake, si kwa njaa.

Athumani aliporudi alisema ni mambo ya fyuzi. Mashine aliipeleka mwenyewe Miritini akaiuza kwa madereva wa malori. Yaliyowapata walioinunua sikuyafuatilia.

Lakini nyumba ni ile ile, na abee mbili nilizokwisha kutoa hazirudi. Jioni nyingine, adhana ya magharibi ikishamalizika, naitwa kutoka jikoni. Sauti ni yake hasa, yenye ukali wake, haijazeeka. "Mama Ndoo! Ndoo!" Athumani huudhika kwamba akiniita magharibi simwitiki mpaka aje nimwone. Audhike tu.

Nawe unayesoma, ukiitwa saa hiyo usikimbilie kuitika, hata kama ni mkubwa wako. Kwanza jua anayekuita yuko wapi. Utaambiwa huna adabu, vumilia. Kumbuka pia kwamba hiyo sauti haitakuita kwa jina usilolipenda. Duniani hakuna tena anayeniita Mama Ndoo isipokuwa huyo, na ziko jioni ambazo abee ya tatu hunifika kwenye ncha ya ulimi. Hapo huinua mkono wangu wa kushoto, nikajiziba mdomo kwa kiganja, mpaka isha.